Mafundi wa Mtwara na Lindi, mnayaua magari ya vita kwa mchanga wa bahari na puti!

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kuna gereji huku kusini, sizitaji, zimenusa hela kwenye jipu za Willys na Ford za Vita Kuu ya Pili. Gari linatolewa chini ya mkorosho likiwa limeoza, baada ya muda mfupi linang'aa kijani na bei imepaa. Sasa kwangua hiyo rangi uone.

Bodi inapigwa kompresa kwa mchanga uliochotwa ufukweni! Ule mchanga una chumvi. Chumvi inajificha kwenye vishimo vya chuma, rangi inapakwa juu yake, na kwa unyevu wa pwani yetu malengelenge yanaanza kutoka mapema tu. Ukilalamika unaambiwa rangi ilikuwa feki. Rangi ina kosa gani? Na kijana anayeshika bomba hana hata barakoa. Vumbi la mchanga, uwe wa bahari au wa mtoni, linaharibu mapafu na hayarudi. Tena bati lenyewe ni jembamba, presha kubwa inalipinda. Tumieni brashi ya waya, kutu iliyobaki ipakeni asidi ya fosfori, suuzeni kwa maji yasiyo na chumvi (ya kisima chenye chumvi hayafai), kausheni kabisa, praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ipigwe siku hiyohiyo.

Kinachoudhi zaidi ni sakafu. Chini yake kuna mihimili ya bati iliyokunjwa, na kiwandani walitia vipande vya mbao ndani yake. Mbao zikinyonya maji hazikauki, bati linaoza kutokea ndani huku juu linaonekana zima. Choma kwa bisibisi. Ikizama, mhimili wote ukatwe uchomelewe mpya. Nyie mnajaza puti! Puti haibebi uzito jamani. Siti ya dereva iko juu ya tanki la petroli, na tanki limekaa kwenye sakafu hiyohiyo.

Nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia. Fundi hajui, anachomeka bomba refu kwenye spana, anakata stadi (boliti inayoshika gurudumu), kisha anachomelea boliti yoyote aliyookota.

Umeme nao. Gari ni la volti 6. Kwa kazi ileile, volti 6 inavuta mkondo mara mbili ya volti 12, kwa hiyo waya wa stata lazima uwe mnene. Mnaweka waya mwembamba wa Toyota, stata inazunguka kwa kujivuta, mnasema betri haina nguvu, mnafunga ya volti 12. Balbu zinaungua, geji ya mafuta inakufa, meno ya flaiwili (gurudumu la injini linalosukumwa na stata) yanalika. Injini imekaa juu ya raba, haipati ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) bila mkanda wake wa waya wa kwenda kwenye chesisi. Safisheni huo mkanda kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Halafu utapeli. CJ-2A, jipu ya Willys ya 1945 hadi 1949, ni gari la shamba, si la vita. Grili yake ina matundu 7, ya vita ina 9. CJ ina mlango wa nyuma wa kushusha na mfuniko wa petroli uko nje ubavuni. Mnachomelea bati kuziba mlango, mnapaka nyota nyeupe, basi imekuwa ya 1943! Chesisi haidanganyi. Jipu za vita ni mbili: Willys MB ina bomba la mviringo linalounganisha chesisi mbele, chini ya rejeta, Ford GPW ina kipande cha bati lililokunjwa. Ford namba yake imegongwa juu ya mbavu ya kushoto ya chesisi, na ndipo hasa grinda zenu zinapopita. Mkishaifuta, hata gari la kweli haliwezi kuthibitishwa tena.

Mradi wa karanga wa Nachingwea, ule wa enzi za Mwingereza baada ya vita, ulitegemea sana mitambo iliyobaki jeshini, na kilichosalia wanunuzi wa chuma chakavu wanakimaliza kwa kilo. Hivyo vichache vilivyobaki ndivyo mnavyovifanyia haya.

Anayetangaza gari la vita aweke picha nne: sakafu kwa chini, bomba au bati la mbele la chesisi, namba ya chesisi kabla ya rangi, na namba ya injini mbele upande wa kulia. MB inaanza na MB, CJ-2A inaanza na J. Asiyeweka, msimpelekee hata elfu kumi ya kishika nafasi.