Trauti wa Ziwa Superior: Jumamosi tatu, hata mkia sijauona

Kijana_wa_Nansio

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Niko Minneapolis, huu mwaka wa pili. Nimezaliwa Ukerewe, baba alikuwa mvuvi wa migonzo, kwa hiyo nilijiambia samaki wa huku hawezi kunisumbua. Amenisumbua. Jumamosi tatu za Julai nimeendesha gari usiku hadi Two Harbors, kando ya Ziwa Superior, nikasimama kwenye ukuta wa bandari tangu alfajiri mpaka jua la utosi, narusha kijiko, kile chambo cha bati cha rangi ya fedha, navuta, narusha tena. Namtaka yule trauti mkubwa wa ziwani.

Duka moja waliniuzia rodi nene kama mwiko wa ugali na uzi wa paundi 40. Mpaka sasa nimevua mawe na kukichana kidole. Naombeni kuuliza: kosa ni chambo, rodi, mahali, au ni mimi?

Mzee_Chubwi

Marahaba mwanangu. Kosa ni Julai.

Nami nilitoka Mwanza na kichwa hicho hicho. Huku Duluth namaliza mwaka wa 19, na miwili ya kwanza nilikula samaki wa dukani. Shida yetu watu wa Nyanza ni kwamba kwetu maji ni vuguvugu juu na chini, na kina kirefu kabisa cha ziwa letu ni kama mita 80. Superior ina mita 406. Trauti huyu anapenda maji ya nyuzi kama 10. Barafu ikishayeyuka, Mei mpaka mwanzoni mwa Juni, maji yote ni baridi, anapita hapo hapo ukutani unaposimama, na kijiko chako kingemtosha. Jua likishapasha maji ya juu, anashuka. Kuanzia Julai mimi namtafuta futi 90 hadi 150, karibu na sakafu. Wewe unarusha juu ya paa la nyumba yake. Oktoba anarudi kwenye miamba kuzaa, ila hapo msimu wa kumvua unakuwa unafungwa, kwa hiyo soma kitabu cha sheria cha mwaka huu. Na kwenye leseni yako lazima kuwe na stempu ya trauti, usije ukasimamishwa bure.

Sasa vifaa. Ile rodi weka stoo. Tafuta nyepesi ya futi 7 yenye mgongo mgumu na ncha inayosikia. Uzi wa kusukwa wa paundi 20, kwa sababu haunyumbuki: samaki akigusa futi 120 chini, mkono wako unajua. Uzi wa nailoni kwa kina hicho unavutika kama ubani, yeye ameshatema wewe bado unasubiri. Mwisho wa uzi funga pima moja ya uzi wa fluorokaboni wa paundi 12, kwani maji haya ni meupe kama gongo na samaki anaona. Chambo: jigi ya mpira, ile iliyo kama ngisi mdogo, nyeupe, inchi 4, yenye risasi ya wakia moja. Siku ya upepo weka wakia moja na nusu.

Wenye mashua kubwa wanaburuza vijiko nyuma ya tufe la risasi la paundi 10 linaloshushwa kwa waya. Wanapata, sikatai. Kwangu hiyo ni kazi ya dereva.

Mimi nakaa na mashua ndogo, nazima injini, naangalia sona, ile mashine yenye skrini inayoonyesha samaki chini. Jigi inateremka mpaka igote chini, uzi unalegea. Nainua futi moja au mbili, naiacha ianguke, lakini uzi nauchunga usilegee kabisa, maana wengi wanapiga jigi ikiwa inaanguka. Uzi ukilegea kabla ya muda wake, ameuma: inua rodi kwa nguvu.

Na sasa sikiliza, hapa ndipo nilipochelewa kujifunza. Ukiona kwenye skrini mstari unainuka kutoka chini kuifuata jigi yako, usisimame. KIMBIA. Zungusha rili kama mtu aliyeiba. Akili yako ya sangara itakuambia umngoje, na ukimngoja atainusa ajiondokee. Ukikimbia, atakukimbiza futi 60, 80, wakati mwingine mpaka unamwona kwa macho chini ya mashua. Akikata tamaa, mwachie jigi irudi chini kama imekufa, umwanzie upya.

Anaweza mbio hizo za kwenda juu kwa sababu mfuko wake wa hewa una njia mpaka kooni, anacheua. Mfuko wa sangara hauna mlango, ndiyo maana ukimvuta toka chini anafika tumbo limemtoka mdomoni. Huyu, kabla hujamwona, unaona mapovu yanapasuka juu ya maji. Moyo wangu bado unashtuka kila mara.

Mwisho: vaa jaketi la kuokolea, na lifungwe. Maji ya huku hayamsubiri mtu aanze kuogelea. Upepo ukigeuka kutoka kaskazini-mashariki, rudi.

Uvira_Thunder_Bay

Mzee kasema yote ya kiangazi. Mimi ni mtu wa Ziwa Tanganyika, wa samaki mukeke na ndagala, niko ng'ambo ya pili ya Superior, Ontario. Huku namvua zaidi wakati wa baridi, kwenye maziwa madogo, kwa tundu la barafu. Jigi ni hiyo hiyo, kumkimbia ni kule kule, ila rodi yako ina urefu wa mkono tu. Usikanyage barafu safi iliyo chini ya inchi 4, hata ukiona mwenzako kapita. Na ukipata samaki mwenye kovu la mviringo ubavuni, si ugonjwa: ni alama ya mkunga mnyonyaji (lamprey), mnyama wa kutoka baharini. Miaka ya 1940 na 1950 hao karibu wammalize trauti, mpaka ilipoanza dawa ya kuua watoto wao mitoni, mwaka 1958.

Mama_Zuhura

Mkishampata mnijali na mimi mpishi. Msipeleke nyumbani lile zee la paundi 20 mkajisifu. Samaki huyu anaishi miaka mingi na zebaki inajaa kwenye nyama yake. Leteni wa paundi 3 au 4. Toeni ngozi na mafuta ya tumbo, ndimo sumu za viwanda zinapokaa. Mkaa, ndimu, chumvi, basi. Nazi hapana, mwenyewe ana mafuta ya kutosha. Na wajawazito na watoto wasome mwongozo wa jimbo kabla ya kula.

Kijana_wa_Nansio

Nimerudi. Jumamosi tumetoka bandari ya McQuade na jamaa mwenye mashua, futi 110. Wa kwanza nilimngoja, akaondoka. Wa pili nilimngoja tena, Mzee nisamehe. Wa tatu nikakimbia. Rodi ikapinda mpaka majini, nikasikia kichwa chake kinatikisika: ndu, ndu, ndu. Kisha mapovu. Kisha yeye, kijivu chenye madoa meupe, mkia umegawanyika kama panda ya manati. Paundi 4 kasoro.

Mke wangu kampasua jikoni, swali lake la kwanza: bondo, ule mfuko wa hewa ambao kwetu unauzwa, liko wapi? Lipo, jembamba kama utando wa yai. Mzee, huku halina soko?

Mzee_Chubwi

Halina. Mwambie asianike.