Nimeambiwa sina akili hisia ya kazi yangu. Nijirekebishe au nitafute kazi nyingine?

Binti_Gerezani (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi nifungue uzi.

Nipo kitengo cha huduma kwa wateja kwenye kampuni moja ya simu hapa Dar, jina silitaji. Mkataba wangu uko kwa wakala wa ajira, si kwa kampuni yenyewe. Waliopita huko wanajua maana yake. Kazi ni kupokea simu. Aliyetuma pesa namba isiyo yake, aliyelala na bando akaamka hana, laini imefungwa, PIN imesahaulika. Kila simu ina muda wake, ukizidisha inaandikwa. Ukimkatia mteja inaandikwa. Ukipandisha sauti ndiyo usiseme, maana simu zinarekodiwa na kuna mtu kazi yake ni kuzisikiliza na kukupa maksi.

Maksi zangu si mbaya. Mteja anitukanie mama, bado namjibu kwa upole. Ila nikivua hedifoni sitaki kuongea na binadamu yeyote. Nyumbani nikiulizwa za kazi najibu "salama" naingia chumbani.

Sasa juzi tumejazishwa dodoso la tabia kwenye kompyuta. Majibu yakaja na grafu: uchangamfu chini, wasiwasi juu, umakini wa kazi juu sana. Timu lida akanisomea mwenzangu akiwa amekaa pale pale: "Kazi unaijua, ila akili hisia huna, ndiyo maana huifurahii. Hii ni kazi ya watu wa watu."

Kabla ya hapa nilikuwa karani wa stoo, duka la spea za magari eneo la Gerezani hapa Dar. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko huu, lakini nilikuwa naipenda. Kupokea mzigo, kuupanga, jioni unafunga daftari hesabu imekaa sawa, basi, unaenda nyumbani na kichwa chako.

Ninachouliza: hii akili hisia, yaani huu uwezo wa kuzielewa na kuziongoza hisia, inafundishika, au mtu anazaliwa nayo? Na kama mimi ni mtu wa wasiwasi kwa asili, si kila kazi nitaichukia tu? Mama anasema kazi ni kazi. Nawasikiliza. Matusi hapana jamani, ya kazini yananitosha.

Mzee_wa_Kijiwe

Nakaa pembeni nasubiri wataalamu. Ila kwa kuwa umefika mwenyewe, bando langu la jana limekwenda wapi?

Komredi_Tabata

Dada, mtaani kuna watu wana digrii mbili wanauza vocha. Wewe uko kwenye kiyoyozi, mshahara unaingia kila mwezi, unaleta uzi kwamba huna furaha. Kazi si harusi. Vumilia, jenga hata chumba na sebule, furaha utaikuta huko.

Mama_Wawili

Komredi, kakae kwenye kile kiti shifti moja ya usiku, tarehe za mishahara, halafu rudi utuambie habari ya kiyoyozi.

Mleta uzi, nimefanya kazi hiyo hiyo, kampuni nyingine. Simu iliyokuwa inanimaliza ni ya mtu aliyekosea namba, na anapiga wakati mpokeaji ameshaitoa kwa wakala. Huna cha kumrudishia. Umeandikiwa umwambie "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza", na ukiitamka tu ndiyo anapanda. Mimi nikawa namuuliza kwanza: pesa ilikuwa ya nini mama? Anakwambia ada, au dawa za mzee. Hapo namsikia kweli, pole inatoka yenyewe, naye anashuka. Sekunde chache tu. Kabla ya hapo nilikuwa nalainisha sauti huku rohoni nataka kumpiga, na siku kama hizo ndizo nilikuwa nafika nyumbani nimekufa.

Kwa hiyo kufundishika inafundishika. Lakini sikudanganyi, niliondoka pia. Sasa niko idara ya madeni, nashinda na jedwali la kompyuta, nina amani.

Mwl_wa_Kazini

Nafundisha saikolojia ya kazi, kwa hiyo nivumilieni, itakuwa ndefu.

Timu lida wako amechanganya vitu viwili. Hilo dodoso, kwa ulivyolieleza, limepima haiba: vile mtu alivyo siku zote. Wanasaikolojia wengi wanaigawa mafungu matano: uchangamfu, umakini na uwajibikaji, ukunjufu kwa watu, kupenda mambo mapya, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Akili hisia ni kitu kingine. Wanasaikolojia Salovey na Mayer walipoieleza mwaka 1990 walizungumzia uwezo wa kutambua hisia zako na za mwenzio, kuzielewa na kuziongoza. Mwandishi Goleman ndiye aliyeisambaza kwa watu wa kawaida mwaka 1995, na tangu hapo kila semina ya maofisini inaiuza. Mtu anaweza kuwa mkimya, mwenye wasiwasi, na akili hisia anayo tele. Wewe unatukaniwa mama hupandishi sauti, halafu unajua kabisa ni saa ngapi umechoka na kwa nini. Huyo "asiye na akili hisia" ni nani hapo?

Haiba kweli inagusa kuridhika na kazi, lakini tazama ukubwa wake. Mwaka 2002 watafiti Judge, Heller na Mount walikusanya matokeo ya sampuli 163, yaani makundi 163 ya watu waliopimwa. Watu wa wasiwasi walielekea kutoridhika na kazi zao, uhusiano wa hasi 0.29 (sifuri ni hakuna uhusiano, moja ni uhusiano kamili, na hasi maana yake kimoja kikipanda kingine kinashuka). Wawajibikaji wanaridhika zaidi, 0.26. Wachangamfu 0.25. Wakunjufu 0.17. Kupenda mambo mapya karibu na sifuri. Ukiziweka zote tano pamoja unapata 0.41, yaani zinaeleza kama asilimia 17 ya tofauti za kuridhika kati ya mfanyakazi na mfanyakazi. Inayobaki iko kwingine: kazi yenyewe, bosi, malipo, ratiba, maisha. Na angalia, wewe uwajibikaji wako uko juu. Timu lida alikusomea hilo kama sifa inayokusaidia, au alilipita?

Binti_Gerezani

Alilipita mwalimu. Alisema tu "hii ya hapa iko vizuri" akageuza ukurasa.

Lakini hujanijibu lile la kila kazi nitaichukia.

Mwl_wa_Kazini

Nilikuwa nalikwepa kidogo kwa sababu jibu lake si tamu moja kwa moja. Watafiti Staw na Ross, mwaka 1985, walitoa utafiti wa wanaume wa makamo Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Aliyekuwa haridhiki mwanzoni alielekea kutoridhika hata alipobadili mwajiri na aina ya kazi. Mwaka 1989 Arvey na wenzake wakachunguza mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, jozi 34, wakakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya tofauti za kuridhika inatokana na kurithi. Kwa hiyo kipo kitu mtu anatembea nacho.

Lakini ushahidi wako mwenyewe unakukanusha. Ungekuwa mtu wa kuchukia kila kazi, stoo ungeichukia pia, tena kwa mshahara mdogo. Hukuichukia.

Anachosema Mama Wawili nacho kina historia. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika kuhusu wahudumu wa ndege Marekani, akaonyesha kwamba tabasamu lao lilikuwa sehemu ya kazi inayolipwa. Akatenganisha aina mbili: anayevaa hisia usoni tu, na anayejitahidi kuihisi kweli. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha ya kwanza ndiyo inayokwenda pamoja na uchovu na kutoridhika. Ya pili haichoshi vile, na hapo ndipo akili hisia inafaa kazi: inakusaidia kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Haigeuzi kazi mbaya kuwa nzuri.

Jini_Kisirani

Wanaume wa Marekani, mapacha wa sijui wapi, wahudumu wa ndege. Mwalimu, hapa mtu ana mkataba wa miezi sita kwa wakala wa ajira. Mpe mkataba wa kudumu na bima ya familia uone wasiwasi wake unavyoshuka kwenye hiyo grafu.

Mwl_wa_Kazini

Sibishani nawe sana. Sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanywa Marekani na Ulaya. Na dodoso likijazwa na mtu asiyejua kama hiyo miezi sita ikiisha atakuwa na kazi, sehemu ya huo wasiwasi ni mkataba unaoongea.

Sista_Wodini

Niongeze la upande wa pili. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto. Nimeona wauguzi wenye hisia kali kuliko sisi wote, anamsoma mzazi kabla hajafungua mdomo, na ndio waliochoka mapema. Kusikia sana maumivu ya watu bila kujua pa kuyaweka ni mzigo. Wakikupeleka semina ya akili hisia, uliza kama wanafundisha na namna ya kuutua. Sisi baada ya mgonjwa kufariki tulikuwa tunapewa dakika chache za kukaa chumba cha chai. Wewe baada ya mtu kukutukana unapewa nini? Simu inayofuata.

Mswahili_wa_Kibokoni

Mie niko Mombasa, mapokezi ya hoteli. Mtu mkimya sana, nikiwa harusini hukaa na wazee nyuma. Ukinipima uchangamfu utakuta kidogo mno. Na kazi hii naipenda, mwaka wa tisa huu.

Kwa nini? Mgeni hukaa siku tatu nne, namjua jina, najua ataka chai ya tangawizi. Na akija na malalamiko nina uwezo wa kuyamaliza. Meneja alituruhusu zamani: chumba kina kelele, mhamishe, usije kuniuliza. Mgeni mkali nikimhamisha chumba yeye apoa na mie napoa. Dada huyu wa simu apewa hasira zote na mamlaka hana hata ya kurudisha shilingi mia. Mwenye uchangamfu wa dunia nzima atachoka pale.

Mwl_wa_Kazini

Hili ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa na akili ya huyu bwana. Watafiti Hackman na Oldham katika miaka ya 1970 walitaja mambo matano yanayoipa kazi utamu: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuiona kazi mwanzo hadi mwisho, kuona inamfaa mtu, uhuru wa kuamua, na kujua matokeo yake. Stoo ulikuwa unaona mwanzo na mwisho, na daftari linakwambia jioni ile ile kama umepatia. Kwenye simu unafungua tiketi, yaani kumbukumbu ya lalamiko, inakwenda idara nyingine, na kama yule mama alipata pesa yake hutajua kamwe.

Binti_Gerezani

Hapo umenigusa. Huwa naandika namba za tiketi kwenye karatasi ili nikipata nafasi nichungulie kama zimefungwa. Nikakatazwa, kwamba napoteza muda.

Komredi_Tabata

Haya, hapo hata mimi nimekuelewa.

Dawati_la_HR

Nipo HR (rasilimali watu), sekta nyingine. Machache, yote ya kutenda.

Dodoso la haiba linaweza kumsaidia mtu kujifahamu, hata kupangiwa kazi. Kukusomea majibu mbele ya mwenzako si sawa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na taarifa kama hizo si za kutangaza kwenye meza. Usianzishe vita, ila omba kwa barua pepe nakala ya majibu yako na uulize yatatumika wapi. Ukiuliza kwa maandishi watu wanakuwa waangalifu ghafla.

Wakianza kukuambia "hufai" rasmi, kumbuka kanuni za ajira za 2007 zinamtaka mwajiri akueleze kasoro na akupe muda wa kujirekebisha kabla ya kukuachisha kwa utendaji duni. Grafu peke yake si kasoro ya utendaji, hasa kama maksi zako za simu ni nzuri. Zitunze hizo maksi.

Na kwa kuwa Mama Wawili ametaja shifti ya usiku: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zilipwe nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Angalia hati yako ya mshahara kama ipo. Wengi wa mawakala huwa "wanasahau".

Usiache kazi kabla ya kupata nyingine. Hilo mama yako yuko sahihi.

Binti_Gerezani

Asanteni sana. Nyongeza ya usiku sijawahi kuiona kwenye hati yangu, kesho naanza na hiyo.

Kuna kitengo cha nyuma kinachoshughulikia miamala iliyokosewa, hakipokei simu, unafuatilia mpaka pesa irudi au ishindikane. Nafasi huwa zinatangazwa ndani. Nilikuwa naogopa kuomba kwa sababu ya ile grafu. Niombeje bila kuonekana nakimbia wateja?

Dawati_la_HR

Usitaje uchovu wala wateja. Andika hivi: "Kwa muda niliopokea simu nimejifunza makosa ya miamala yanayojirudia na mahali tiketi zinapokwama. Matokeo ya tathmini yameonyesha umakini wangu wa kazi uko juu, na ningependa kuutumia kwenye kitengo cha miamala." Ambatisha maksi za simu. Grafu walikuletea wenyewe, itumie. Na ukiitwa kwenye usaili uulize mapema kama uhamisho unakwenda na mkataba ule ule wa wakala au mpya, maana mkataba mpya unaweza kukuanzishia upya kipindi cha majaribio.

Mzee_wa_Kijiwe

Ukifika huko nyuma nitafute kimyakimya, kuna elfu ishirini yangu ilikwenda kwa mtu wa Sumbawanga.