Mjadala: Fuwele iliyokokotolewa na mashine, tuiite ugunduzi?

Tanuri (mleta mada)

Wakuu, kuna jambo linanikera tangu mwishoni mwa 2023, leo nalileta hapa tulichambue.

Novemba mwaka ule Google DeepMind walitangaza kwamba programu yao ya akili mnemba, GNoME, imepata miundo mipya ya fuwele (yabisi ambazo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu) milioni 2.2, na kwamba kama 380,000 kati yake ni imara, yaani hazielekei kuvunjika kuwa dutu nyingine, kiasi cha kufaa kujaribiwa maabara. Kabla ya hapo fuwele imara zilizojulikana zilihesabiwa kuwa takriban 48,000. Neno lililotumika ni "kugundua". Mimi nasema huo ni utabiri, na tukija kwenye kampaundi za metali kwa metali, tofauti ya maneno hayo mawili si ya kupuuza.

Chukueni shaba na dhahabu, atomi tatu kwa moja. Iwe moto sana, kisha itumbukize majini ipoe ghafla. Unapata fuwele ya mchemraba, atomi kwenye kila pembe na katikati ya kila uso, ila nani kakaa wapi ni bahati nasibu: kila nafasi ina uwezekano wa robo tatu kuwa ya shaba. Sasa irudishe kwenye tanuri, chini kidogo ya nyuzi 390 za Selsiasi, uiache bila haraka. Dhahabu inajikusanya kwenye pembe, shaba inashika nyuso. Ukiipiga eksirei kabla na baada, mistari mikubwa ya miale inayorudi kutoka kwenye atomi iko palepale. Kilichoongezeka ni vimistari hafifu katikati yake, vingine mpaka ukodoe macho. Kemikali ni ileile na mchemraba ni uleule, tofauti ya ukubwa wake ni ndogo mno. Majirani tu ndio wamebadilika, na kwa hilo peke yake ukinzani wa umeme unashuka sana.

Mashine hizi hupigia hesabu fuwele iliyopangika kikamilifu, tena kwenye sifuri ya Kelvini, baridi ya mwisho kabisa. Kila nafasi lazima ipewe atomi moja yenye jina. Hakuna pa kuandika "hapa labda shaba, labda dhahabu". Kwa hiyo aloi moja ya kawaida, yaani metali zilizochanganyika holela, inaweza kuibuka kwenye orodha kama kampaundi tano "mpya", kila moja na mpangilio wake. Hapo tunahesabu fuwele au tunahesabu njia za kupanga viti?

Naomba kuwasilisha.

Mbishi Halali

Mkuu Tanuri, umeanza vizuri ukamalizia kwa kuonea. Watu wa GNoME walionyesha kwamba miundo 736 ya kwao ilikuwa tayari imetengenezwa na watafiti wengine, bila kutegemea hesabu zao. Utabiri wa ovyo haupigi shabaha mara 736.

Halafu unazungumza kana kwamba hazina za vipimo, zile kumbukumbu za fuwele zilizopimwa maabara, ni takatifu. Tunajua zinavyojazwa. Mtu anasaga sampuli, anaipiga eksirei, anaona mistari inafanana na ya kampaundi jamaa, anaandika muundo wa ile jamaa na kufunga daftari. Nani kapima nafasi moja moja? Chuma ina elektroni 26, kobalti 27. Kwa eksirei ya kawaida hao ni mapacha, usiseme umeona nani kakaa kwenye pembe na nani katikati. Ilibidi waje na miale ya nyutroni, inayozitofautisha, ndipo mpangilio wa aloi ya chuma na kobalti ukaonekana wazi. Sasa mbona vipimo vya namna hiyo hukuviletea uzi?

Swali Dogo

Samahanini, mimi si wa fani. Orodha ikiwa na makosa, anayeumia ni nani?

Tanuri

Ndugu Swali Dogo, swali lako si dogo. Kuna kampaundi ya chuma na kromi inaitwa sigma. Inajitokeza kwenye baadhi ya vyuma visivyoshika kutu vikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 600 hadi 900 hivi. Ni ngumu na inavunjika kama kigae, bomba lililokuwa likipindika linaanza kupasuka. Kisanduku chake kinachojirudia kina atomi 30 zilizogawanyika kwenye aina tano za nafasi, na kila aina ina chuma na kromi kwa pamoja, kwa kiwango chake.

Mpe mashine kazi hiyo. Aina tano, metali mbili: mipangilio kamili ni 32. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo 32 ambao ndio sigma halisi. Na kwenye sifuri ya Kelvini hesabu inasema chuma na kromi hazipati faida yoyote kwa kukaa hivyo, maana sigma inabebwa na joto na mchanganyiko wenyewe. Yaani orodha ya "imara" itaitupa nje kampaundi ambayo mhandisi anaiogopa kila siku. Ukiniuliza anayeumia, ni yule atakayeiamini hiyo orodha.

Mbishi, kuhusu hazina za vipimo umenibana, nakubali. Uchafu upo. Lakini ukiutilia shaka, sampuli unaweza kuipima upya. Muundo uliokokotolewa na kompyuta tu utaupima na nini?

Unga wa Fuwele

Niongeze lililosahaulika. Mwaka uleule wa 2023 maabara ya roboti ya Berkeley, Marekani, iitwayo A-Lab, ilitangaza kutengeneza kampaundi 41 kati ya 58 zilizolengwa, kwa siku 17. Wanakemia Robert Palgrave na Leslie Schoop pamoja na wenzao wakapitia data zile, na mwaka 2024 wakaandika kwamba hawakuona hata moja iliyokuwa mpya. Nyingi walizieleza kuwa ni kampaundi zilizokwisha kujulikana, zenye atomi zilizochanganyika, huku roboti ikizisoma kama zimepangika. Ila tuwe wakweli, nyingi zilikuwa oksidi na fosfeti, zenye oksijeni ndani, si za metali kwa metali. Kwenye metali kwa metali, ambako atomi zinabadilishana nafasi kwa urahisi zaidi, ugonjwa huo naona utakuwa mkubwa kuliko huo.

Mbishi Halali

Mnanikumbusha Aprili 1982. Mwanasayansi Dan Shechtman aliona kwenye aloi ya alumini na manganizi umbo ambalo vitabu vilisema haliwezekani: mpangilio usiojirudia, wenye ulinganifu wa pande tano. Linus Pauling, mwanakemia mwenye tuzo mbili za Nobel, alimpinga mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1992 umoja wa kimataifa wa wanafuwele ukabadilisha maana ya neno fuwele, na 2011 Shechtman akapewa Nobel. Walinzi wa maneno hawana rekodi nzuri.

Tanuri

Mfano huo ni wangu, umenichukulia tu. Shechtman hakuja na hesabu. Alikuja na picha ya vidoti kumi vikizunguka kitovu, na sampuli ambayo mwingine angeweza kuitengeneza na kuipiga picha tena. Hilo ndilo lililomshinda Pauling.

Ninachoomba ni kidogo: kila muundo kwenye hazina za umma uwe na safu inayosema umepimwa au umekokotolewa, na kama umepimwa, kwa joto gani, na nafasi zipi zimethibitishwa nani kakaa.

Mbishi Halali

Safu naikubali, hata ya joto. Ila piga hesabu. Kwa kasi ya ile roboti, 41 kwa siku 17, zile 380,000 zitachukua miaka zaidi ya 400. Nani anaanza na ipi?

Unga wa Fuwele

Tuanze na zile ambazo metali zake ni majirani kwenye jedwali la elementi, kama chuma na kobalti. Hizo ndizo sina imani nazo kabisa.