Mrejesho: waridi la Dameski limechanua Ujiji

Wakuu, niliuliza kama waridi la Dameski linaweza kustawi hapa Ujiji na kama mafuta yake yanalipa. Asanteni sana kwa majibu.

Miche imeshika. Ua hili limezoea kupumzika wakati wa baridi ya Bulgaria na Uturuki, na hapa baridi hiyo hatuna, hivyo kiangazi niliipunguzia maji na kuipogoa ili ipumzike, kama mlivyoshauri. Maua si mengi, ila harufu yake inafika barazani!

Mafuta nimeachana nayo. Kilo 1 inataka petali tani 3 au zaidi. Kwa uwanja wangu haiwezekani. Marashi, yaani maji ya waridi, ndiyo mpango. Nachuma alfajiri, maana jua likipanda harufu inapungua. Petali na maji kwenye sufuria, bakuli katikati, mfuniko umegeuzwa na barafu juu yake, moto mdogo kabisa. Mvuke ukigusa mfuniko unapoa na kudondokea bakulini. Bibi ameshajaza mrashi wake wa maulidi, na shangazi anayatia kwenye shira ya kaimati. Kwa sababu tunayala, sipigi dawa; vidukari nawaosha kwa maji ya sabuni.

Anayejua kukausha petali masika bila kuota ukungu, naomba anielekeze.