Huyu Mti Mkavu ni nani?

Mjumbe: Asalaam aleikum na Bwana asifiwe majirani. Kuna namba humu kwenye grupu letu la mtaa imejiita ~Mti Mkavu, jana usiku imeuliza hela za taka za miezi mitatu ziko wapi. Ajitambulishe jina na nyumba la sivyo namtoa

Mama Rehema: Ahsante mjumbe, hela nashika mimi, mtu ananiita mwizi halafu profaili kaweka ua 😡

Side: Hajasema mwizi mama, kauliza tu

Mama Rehema: We Side nyamaza, saa sita usiku ndo kuuliza huko?

Baba Tumaini: Kila mtu aandike jina lake kamili matusi yataisha. Kama huna cha kuficha unaogopa nini

Asha: Shikamoo baba Tumaini. Korea Kusini walishajaribu hiyo, 2007 wakaweka sheria kwenye saiti kubwa huandiki kitu mpaka uhakikiwe kwanza na kitambulisho, 2011 wadukuzi wakaingia kwenye kampuni moja wakachota taarifa za watu mil 35 na nchi yenyewe ina watu kama mil 50 tu, 2012 mahakama ya katiba ikaifuta ikasema haioni hata kama matusi yamepungua

Baba Tumaini: Marahaba. Hiyo Korea mwanangu, hapa Bongo

Asha: Bongo si ndo Maxence Melo wa JamiiForums, ule mtandao watu wanaandika kwa majina ya bandia, alikamatwa Desemba 2016, polisi wanataka taarifa za walioandika kule tuhuma za makampuni yeye kagoma, kesi ikaenda weee mpaka 2020 akapigwa faini mil 3

Baba Tumaini: Wale walikuwa wanaanika ufisadi, huyu anaulizia taka

Side: 😂😂😂 baba tofauti iko wapi

Fundi Simu: Mnamaliza bando bure jamani. Namba yake si inaonekana hapo? Laini zote tumesajili kwa kidole, mmesahau foleni za NIDA zile, serikali inamjua zamani. Anatuficha sisi majirani tu. Fanya kama unamtumia mia tano, jina linakuja kabla hujaweka namba ya siri

Asha: Fundi wewe nawe!!

Mama Rehema: Nimelionaaa. Kumbe tunalala geti moja

Asha: Mama nakuomba usiliandike humu

~Mti Mkavu: Aandike tu dada. Ni mimi wa chumba cha uani. Kodi yangu inaisha mwezi wa nane na mwenye nyumba ndo huyo huyo mshika hela, sasa ningeulizaje kwa jina langu? Kila mwezi nalipa elfu tano na gari la taka halijapita, viroba vimejaa pale mlangoni kwangu mpaka funza wanaingia ndani

Mjumbe: Mama Rehema hatoki mtu hapo kwa sababu ya kuuliza, tuelewane

Mama Rehema: Nani kasema namtoa

Baba Tumaini: Kwani risiti za gari zipo?

Mama Rehema: Daftari liko kwa wifi yangu Kigamboni, ntakuja nalo jumapili