MREJESHO: Majina na namba za NIDA ubaoni, Tanga

Wakuu, asalaam aleikum. Wiki tatu zilizopita niliuliza: ofisi moja ya umma huku Tanga imebandika nje orodha ya waombaji, majina kamili, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na za simu. Ni halali? Mama yangu mdogo wa Ngamiani alikuwemo, na matapeli walishaanza kumpigia wakimtaja majina yote matatu.

Nilifuata ushauri wenu, nikaandika barua. Nilitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inazibana ofisi za serikali kama inavyozibana kampuni: taarifa zikikusanywa kwa kazi fulani, zitumike kwa kazi hiyo na zilindwe. Nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ulisaidia kuliko maneno yangu yote ya mwanzo.

Siku ya nne orodha ikabanduliwa. Sasa ubaoni kuna namba za maombi tu.

Ila picha za orodha ile zimeshazagaa WhatsApp, na hilo linaniuma sana. Mama mdogo imebidi abadilishe laini aliyoitumia miaka yote na wateja wake wa vitenge. Nimewauliza watu wa ofisi ile kwa maandishi fomu zetu zinatunzwa wapi na nani anazifungua. Hawajajibu. Mwisho wa mwezi ukipita kimya, napeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua ipo tayari.

Aliyenishauri nisiende kugombana dirishani, ahsante sana.