Udongo wa chini ya misonobari mikubwa unasaidia kweli miche iliyodumaa?

mche_mmoja
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina miche ya misonobari kwenye viriba, iliota vizuri tu ila saivi miezi imepita haisogei, majani ya chini yanaingia rangi ya zambarau, maji namwagia kila siku na mbolea nimeweka mara mbili lakini wapi. Mzee mmoja kaniambia nikachote udongo chini ya misonobari mikubwa nichanganye, eti humo kuna fangasi wanaishi na mizizi. Sasa mimi fangasi nawajua kama ugonjwa, niwawekeeje miche yangu? Na hii habari ya miti kuongea chini kwa chini kupitia hao fangasi ina ukweli?

kitalu_na_kivuli
Msikilize huyo mzee. Misonobari ilipopelekwa nchi za kusini mwa ikweta, kwenye vitalu vingi miche ilidumaa hivyohivyo mpaka walipoleta udongo wa chini ya misonobari iliyokomaa. Hiyo zambarau mara nyingi ni njaa ya fosforasi, kirutubisho ambacho mmea hukichota ardhini, na fosforasi haitembei ardhini, mzizi ukimaliza ya jirani umekwama, ila fangasi ana nyuzi nyembamba sana kuliko mzizi, zinapenya mbali huko zinaileta, na mti unamlipa sukari iliyopikwa kwenye majani. Chota udongo wa juu pamoja na vijizizi vyake, changanya kama sehemu moja kwa kumi, usiuanike juani. Mbolea simamisha kwanza, mche ulioshiba fosforasi hauna haja na fangasi. Maji nayo punguza, udongo ukilowa muda wote fangasi anakosa hewa.

mizizi_kwanza
Kabla ya yote ng'oa mche mmoja uoshe mizizi taratibu. Ukikuta ncha butu, nene, zimegawanyika kama panda ya manati na zimevaa kama soksi nyeupe au ya kahawia, fangasi wapo. Huo muungano unaitwa mikoriza, jina alilitoa mtaalamu wa mimea Mjerumani, Albert Bernhard Frank, mwaka 1885, kwa Kigiriki ni kuvu na mzizi. Ila usichote udongo chini ya mti wowote tu! Mwembe kwa mfano una fangasi wa aina nyingine kabisa, wanaingia mpaka ndani ya seli za mzizi na hawatoi uyoga, msonobari hauwataki. Na chota penye miti yenye afya, la sivyo unabeba na ugonjwa wa kuoza mizizi.

mpenda_msitu
Kuhusu kuongea, mwaka 1997 mtafiti wa misitu Suzanne Simard na wenzake huko Kanada walionyesha kaboni, ile inayojenga sukari ya mti, inatoka mti mmoja kwenda mti wa jamii nyingine. Kaboni kuhama ni jambo moja, miti kuongea ni jingine. 2023 watafiti wengine, Justine Karst na wenzake wawili, walipitia ushahidi wa msituni wakakuta mengi yanayosemwa yamekwenda mbali kuliko huo ushahidi. Naupenda sana msitu na ndiyo maana sitaki tuusemee uongo, kile fangasi anachofanya kwa mti mmoja tu kinatosha kumshangaza mtu.

mche_mmoja
Asanteni sana wakuu. Nimeng'oa miwili, mizizi ni vinyuzi vitupu, panda ya manati hata moja hamna. Kesho nachota udongo, nitaweka nusu ya viriba na nusu naiacha kama ilivyo nione tofauti, nitaleta majibu hapahapa.